Chumba cha Mama Kinapangishwa

Asoj 1, Jumanne

Nimerudi kutoka semina ya uwekezaji. Ukumbi wa harusi, chai mara mbili, biskuti moja. Mhadhiri alivaa tai nyekundu na viatu visivyolijua vumbi la mtaa wetu wa Imadol. Alisema neno moja tu la maana: chumba kisichoingiza pesa kinakula pesa. Nikaliandika kiganjani.

Nyumbani nikapita chumba hadi chumba nikisoma kiganja. Chini: fundi cherehani. Analipa. Ghorofa ya kwanza: mimi, mke wangu Subhadra, na Mama. Tunakula. Ghorofa ya pili, niliyoijenga kwa mkopo wa benki: tupu tangu mvua zianze. Inakula kutuzidi sote. Juu kabisa, kando ya tangi la maji: chumba cha miungu. Hao sikuwahesabu.

Ng'ambo ya kichochoro kuna nyumba ya njano ya Loknath Dahal, muuza masinki na mabomba. Karibu yote ina wapangaji. Hawatozi maji. Lango lake halifungwi mapema. Mwekezaji gani huyo? Mimi lango nafunga saa mbili usiku, na maji nagawa ndoo kwa ndoo. Subhadra anasema ndiyo maana ghorofa yangu ni tupu. Subhadra hakwenda semina.

Asoj 3, Alhamisi

Dalali kaleta binti anayefanya kazi benki. Jina lake Pratiksha. Mpole, ana mshahara, hana mtoto wala mbwa. Ghorofa ya pili akaikataa, akasema ina giza na inanuka saruji. Sikubisha, inanuka.

Wakati anashuka akaukuta mlango wa Mama uko wazi. Dirisha la kusini, jua mpaka kitandani, pilipili zimeanikwa, picha ya marehemu Baba na medali zake za jeshi ukutani. Akasimama. Akauliza hiki ni kiasi gani.

Hapo ilikuwa niseme si cha kupangisha. Mtu yeyote angesema hivyo. Mimi nikataja bei. Niliitaja kubwa ili akatae, nadhani. Hakukataa.

Subhadra akauliza kwa nini Mama asihamie ghorofa ya pili, si ipo tupu? Swali la mtu asiyejua biashara. Ghorofa nzima hupangishwa nzima. Ukishamweka kikongwe mmoja kwenye kona na kikohozi chake, umeiharibu bidhaa. Mama atakwenda juu, chumba cha miungu. Siku chache tu. Halafu pale yuko karibu na Mungu.

Nilimweleza Mama huku nimeangalia ukuta. Akasema, "Sawa, mwanangu." Picha ya Baba aliibeba mwenyewe. Sikujua ina uzito gani mpaka nilipomwona ameiweka chini katikati ya ngazi, anavuta pumzi. Ningemsaidia. Lakini Pratiksha alikuwa ananilipa amana, na mtu akilipa humwachi peke yake.

Asoj 8, Jumanne

Ushindi! Ghorofa ya pili imepata watu. Familia ya Bwana Rijal mwenye duka la miwani: mume, mke, watoto na bibi yao. Wanaingia wiki ijayo. Sharti lao moja: wapewe na chumba cha miungu, kwa sababu bibi yao huabudu asubuhi na jioni na hawezi kulala mbali na madhabahu. Nikasema hakuna shida. Neno lilinitoka lenyewe.

Kwa hiyo Mama atalala sebuleni, nyuma ya pazia. Bibi wa watu apate chumba, mama yangu apate pazia. Hilo niliona. Naandika hapa ili ijulikane kwamba niliona. Kisha nikapokea amana.

Subhadra akaniambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia mbachao haulipi benki. Jibu zuri sana. Mbona sikulifurahia?

Mama hakubisha. Aliuliza jambo moja tu. Sikukuu ya Dashain inakaribia, sasa jamara ataipanda wapi? Kila mwaka yeye ndiye anayeotesha ile shayiri kwenye chumba cha miungu, mlango umefungwa, hatuingii. Siku ya kumi ukoo wote unakuja. Anatupaka tika, alama nyekundu ya baraka, kwenye kipaji cha uso, anatuchomeka machipukizi yake sikioni, anatubariki mmoja mmoja. Nikamwambia apande chini ya ngazi, pale penye pampu ya maji. Pana nafasi.

Akasema, "Sawa, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Asoj 11, Ijumaa

Nilikwenda ofisi ya kata kuulizia kodi ya mapato ya pango. Nikauliza kwa niaba ya rafiki. Karani akaniuliza rafiki huyo anakaa Imadol? Nikaondoka.

Nyumba kimya. Pazia limekunjwa vizuri. Hakuna sanduku la bati, hakuna kengele ya sala, hakuna picha ya Baba. Subhadra alikuwa anamenya figili, hakuinua uso. Nikauliza Mama yuko wapi. Akanyoosha kisu. Ng'ambo ya kichochoro.

Mama kapanga chumba kwa Loknath! Asubuhi alivuka mwenyewe, akauliza bei, akaomba apunguziwe, akalipa kwa pensheni ya Baba. Fundi cherehani ndiye aliyembebea sanduku. Mpangaji wangu mwenyewe.

Nikavuka. Loknath alikuwa langoni, sura ya msibani. "Karibu, ndugu Hikmat. Unatafuta chumba? Ah, pole, cha mwisho kimechukuliwa leo asubuhi." Akasema yeye hakutaka hata rupia moja ya Mama. Mama ndiye aliyeng'ang'ania. Alimwambia kwamba mtu asiyelipa kodi huhamishwa wakati wowote.

Nilipanda. Dirisha la kusini, jua mpaka kitandani. Mama akasema hana hasira. Akanipikia chai. Nilipewa kikombe cha wageni.

Asoj 12, Jumamosi

Nimemwambia muuza maziwa kwamba Mama kaenda kuhiji Muktinath. Nikamwambia na mwenye duka la dawa. Nikamwambia na mke wa daktari wa meno, na huyu nikamwongezea maelezo: baridi ya kule, upepo wa mlimani, jinsi nilivyomnunulia Mama koti la manyoya. Koti lilikuwa linaanza kunipendeza hata mimi. Mara Mama akatokea kwenye roshani ya njano na ungo wa pilipili. Akanipungia mkono. Mke wa daktari naye akampungia. Halafu akanigeukia. Nikasema amerudi mapema.

Jioni mtoto wetu Rojan akapiga simu kutoka Japani, anataka kumwona bibi yake. Nikaielekeza simu dirishani, kwenye roshani ya njano. Akauliza mbona bibi amekuwa mdogo hivyo. Nikasema mtandao mbaya.

Asoj 14, Jumatatu

Siku ya fedheha. Akina Rijal wamekuja na lori, hamali, magodoro na bibi yao. Bibi hana meno lakini ana maswali. Kabla hajapanda ngazi akataka kumsalimia mama mwenye nyumba, maana amefurahi atapata wa rika lake wa kuota naye jua. Nikasema amesafiri. Subhadra, Mungu anamwona, akamwambia ukweli wote, mpaka la pazia.

Bibi akakaa juu ya sanduku lake uani, akagoma. Akasema nyumba ambayo mama wa mwenye nyumba hana pa kulala, miungu wa nyumba hiyo nao wako njiani kuhama. Bwana Rijal akafuta miwani yake muda mrefu. Kisha akaomba amana yake.

Amana! Ilishakwenda benki tangu asubuhi ile ile niliyoipokea. Nikashuka kwa fundi cherehani kukopa. Akanipa, Mungu ambariki, halafu akasema basi tutakatana kwenye kodi yake mpaka majira ya baridi yaishe. Maana yake chini napo hapaingizi kitu tena. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Lori likageuza kwa shida, kichochoro kizima kikitazama. Angalau kwa Loknath kumejaa, hawawezi kwenda kule. Nilishukuru kwa hilo. Kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Asoj 17, Alhamisi

Dashain imeanza. Kengele ya Mama inalia, lakini inalia ng'ambo. Subhadra alivuka na sinia la shayiri tangu asubuhi akarudi jioni. Chakula changu cha mchana: mchele wa kuponda na achari ya juzi.

Ndipo nikaelewa. Jamara iko kwa Loknath, kwa hiyo na tika itakuwa kwa Loknath. Dada Ganga anakuja kutoka Hetauda na shemeji. Mjomba anatoka Dhading na wanawe. Wote watapanda ngazi za Loknath. Uso wangu nitauweka wapi?

Nimepata njia. Nitaotesha jamara yangu. Nzuri kuliko yake. Ikiwa ndefu, nene, ya kupendeza, Mama hatakuwa na budi kuvuka aje atubariki nayo hapa nyumbani, na watu watasema tu kwamba alikuwa matembezini. Nimenunua shayiri bora. Mwanzoni nilitaka kuiweka chini ya ngazi, nikajicheka. Pratiksha mwenyewe kanifundisha: chenye jua ndicho chenye thamani. Nimeipeleka juu, kando ya tangi, jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Nashangaa Mama hakuwahi kufikiria hili.

Asoj 20, Jumapili

Inastawi! Kijani kibichi. Nimeipiga picha. Loknath akaniona kutoka juu ya paa lake, akauliza mwaka huu nimeamua kufuga mbuzi? Wivu.

Pratiksha alinisimamisha ngazini. Akauliza ile alama ya mraba mweupe ukutani kwake ilikuwa ya nini. Nikasema ni urembo. Akasema ameshamuuliza Mama. Kumbe wanakunywa chai pamoja kila jioni, yeye, Mama na Subhadra. Binti alitaka kukiacha chumba ili Mama arudi, akalia na kulia. Mama akamkataza. Akamwambia binti wa watu naye lazima alale mahali, na kosa si lake.

Hakusema kosa ni la nani. Nikajisikia vibaya kweli. Halafu nikakumbuka kwamba angehama ingebidi nirudishe amana, nikapata nafuu. Halafu ile nafuu ikanitia aibu kuliko lile kosa.

Asoj 23, Jumatano

Dada Ganga amefika na shemeji na mbuzi wa sikukuu. Shemeji akampeleka mbuzi juu, akamfunga kwenye bomba la tangi. Sikuwa nyumbani, nilikuwa nanunua mtindi. Niliporudi sinia lilikuwa jeupe. Mbuzi alikuwa anatafuna kitu cha mwisho na kuniangalia.

Nikapiga kelele kwamba amekula jamara. Dada Ganga akauliza jamara gani, ile nyasi? Nikamwonyesha picha kwenye simu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu lini jamara ikaoteshwa juani, hata mtoto anajua inakulia gizani, ndiyo inakuwa ya njano na laini. "Sasa wewe miaka yote ulidhani Mama anafunga ule mlango kwa nini? Anawaficha wezi?"

Sikuwahi kujiuliza. Miaka yote nilipokea tu sikioni.

Kisha akauliza Mama yuko wapi. Nikanyoosha kidole ng'ambo. Alitazama roshani ya njano, akatazama paa letu, akatazama kamba ya mbuzi. Kicheko kikaisha. Akasema, "Kwa hiyo mbuzi ndiye aliyepata chumba." Akachukua mfuko wake akavuka. Amelala kwa Mama, chini, kwenye mkeka. Shemeji amebaki kwangu, kwa sababu ya mbuzi.

Asoj 26, Jumamosi

Siku ya tika. Redio ikatangaza saa ya heri ni saa tano na dakika kadhaa asubuhi. Kuanzia saa nne ndugu wakaanza kugonga lango langu. Nafungua, wananikumbatia, wanauliza Mama yuko wapi, naonyesha kwa kidole. Mjomba wa Dhading. Wanawe. Binamu wa Bhaktapur na wakwe zao. Mwishowe niliuacha mkono umenyooka tu. Watu walijaa madirishani kama vile bwana harusi anapita.

Loknath alikuwa ametandika zulia ngazini. Kila ngazi taa. Tukapanga mstari kwa umri, na yeye akajipanga humo humo, maana mama yake alifariki zamani. Mama yangu naye anamwita Mama. Nilitaka kumwambia atafute wake. Nikajizuia, nimesimama juu ya zulia lake.

Zamu yangu ikafika. Nikapiga magoti. Mama akachovya vidole kwenye wali wenye mtindi na rangi nyekundu, akanibandika tika kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa naenda shule, ili isidondoke. Jamara yake ilikuwa ndefu, ya njano, laini. Akanichomeka sikioni. Akanibariki kama alivyowabariki wote: niishi miaka mingi, niwashinde adui zangu, mali yangu iongezeke. Sikupunguziwa hata neno.

Halafu akainama akaniuliza polepole kama ninakula, maana Subhadra anashinda huku.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nililia mbele ya mjomba, mbele ya watoto, mbele ya Loknath. Mtindi ukanitiririka puani. Mama akanifuta kwa pindo la sari, akawaambia watu ni moshi wa ubani. Akanipa noti ya baraka, mpya, kama anavyowapa watoto. Nina nywele nyeupe na nimepewa noti na mama niliyemhamisha.

Nikaomba radhi. Kwa sauti, kila mtu akasikia. Nikamwambia Mama, rudi nyumbani. Akasema ameshalipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, Kartik, na yeye si mtu wa kutupa pesa. Baada ya hapo tutaona, kama patakuwa na nafasi.

Kama patakuwa na nafasi. Nyama ya mbuzi ilinishinda kuimeza.

Asoj 27, Jumapili

Nimeamka mtu mwingine. Tika bado iko usoni, sitaki kuiosha. Nimeapa: Mama atarudi. Sasa ni suala la namna tu.

Nilimkuta Loknath langoni, hakucheka, hakunitania. Alisema hajawahi kupata mpangaji kama Mama. Analipa kabla hajadaiwa. Maji anatumia kidogo. Haleti fujo, haleti malalamiko, na pensheni yake inaingia kila mwezi bila kukosa. Akasema akiondoka atamlilia.

Nilirudi ndani nikakaa kitako. Aibu ikanipanda upya, na hii ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Mpangaji wa namna hiyo nilikuwa naye humu ndani miaka yote, na nikamwachia mshindani! Bila shaka ndiyo maana yule bwana katandika zulia. Anajua anachofanya. Mimi ndiye niliyelala.

Nimeshapanga. Ghorofa ya pili yote ni tupu. Nitampa chumba cha mbele, harufu ya saruji imepungua. Maji bure. Lango mpaka saa tatu. Jamara atapanda humo humo, giza lipo la kutosha. Nimeandika kibao kwa mkono wangu, herufi kubwa, nikakitundika kikielekea roshani ya njano ili akisome akianika pilipili: Chumba kinapangishwa. Mjane mwenye pensheni atafikiriwa kwanza.

Subhadra amekisoma, amekaa chini barazani, ameshika kichwa. Furaha, nadhani. Amana nitamtoza Mama ya miezi miwili. Wengine huwa nawatoza mitatu, lakini huyu ni mama yangu.